Anayeshindwa apewe nini? Safari ya chemsha bongo kutoka kitendawili hadi simu ya mkononi

Siku hizi karibu kila kundi la WhatsApp lina mtu wake wa maswali. Kukipambazuka tu, kabla salamu hazijaisha, ashatupia swali: mji mkuu wa Australia ni upi? Mmoja anajibu Sydney bila kupepesa macho. Wa pili anamcheka na kuandika Canberra. Wa tatu, ambaye ametoka kulisaka jibu kwenye Google sasa hivi, anaandika Canberra pia na kutia kikaragosi chenye miwani myeusi. Waliobaki, nao ndio wengi, wananyamaza. Kufikia saa nne swali limefunikwa na tangazo la mchango wa matanga, na kesho litakuja jingine.

Mchezo huu wa swali la kila siku miongoni mwa marafiki, wengi huuona kuwa mtoto wa intaneti. Ukweli ni kwamba una ukoo mrefu, tena wa pande mbili. Upande mmoja ni wa nyumbani, nao ni wa vitendawili na mafumbo. Upande wa pili ni wa magazeti, redio na runinga za Marekani na Uingereza. Pande hizi mbili zimekutana katika simu zetu, na katika kukutana huko kuna kitu kimoja cha upande wa kwetu ambacho kimeachwa njiani. Kitu hicho ni jibu la swali ambalo wenye kuuliza maswali huwa hawajiulizi: anayeshindwa kujibu hutendewa nini?

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi ya ukumbi huu. Kiswahili husema kutega kitendawili. Kitenzi hiki cha kutega ndicho kile kile cha mtego wa panya na wa ndege. Mtegaji huacha chambo waziwazi na kuficha kamba. Anayejibu naye hutegua. Fumbo nalo hufumbwa kisha likafumbuliwa, kama vile macho yanavyofumbwa na kufumbuliwa. Wanafunzi wa sarufi watakuwa wameshatambua kauli ya kutendua hapo: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, fumba na fumbua. Kila kitendo cha kuficha kimeumbiwa pacha wake wa kufichua. Lugha yenyewe imekataa mtego ulale umetegwa usiku kucha bila mtu wa kuutegua.

Sasa tazama neno tulilolizoea kwenye magazeti na redio: chemsha bongo. Ni picha ya jikoni. Ubongo umetelekwa na moto umewashwa. Lakini chakula kinachochemshwa huipuliwa, kikapakuliwa na watu wakala. Hakuna asemaye tuipue bongo. Neno limebaki na upande mmoja tu, upande wa moto. Na wenzetu Watanzania wamelipa neno hilo maana nyingine mitaani: mtu akiboronga husemwa kwamba amechemsha. Ukiwasikiliza vizuri utaona kuwa wamesema kweli bila kukusudia. Katika chemsha bongo za leo, wengi huchemka tu, na hakuna anayekuja kuwaipua.

Mambo hayakuwa hivyo penye vitendawili. Yeyote aliyesoma fasihi simulizi katika shule ya upili anaujua utaratibu, lakini hebu tuutazame tena kwa macho mapya. Mtegaji hupaza sauti: "Kitendawili!" Wenzake huitika: "Tega!" Hapo tayari pana adabu. Hakuna anayetegewa bila kukubali kutegewa. Kwa Kikuyu mwito ni "Gwata ndaĩ", yaani shika kitendawili, na hadhira huitika kwamba imeshika. Makubaliano ni yale yale, ila huku picha ni ya kupokea kitu mkononi. Baada ya kuitikiwa ndipo mtegaji anaposema: "Nyumba yangu haina mlango." Huyu atasema kaburi, yule atasema mtungi, na kila jibu litapimwa na kucheka kutakuwako. Anayesema yai ndiye aliyetegua.

Wakishindwa wote, mtegaji hadai pesa wala hawatukani. Husema: "Nipeni mji." Nao humpa. Chukua Mombasa. Mombasa nimeshachoka nayo, nipeni kwingine. Haya, chukua Kisumu. Akiridhika hujidai kidogo, asimulie alivyofika huko, alivyopokelewa, alivyokula akashiba, na alivyowaona watu wakikitazama kile kilichowashinda wenzake. Kisha hulitaja jibu, na zamu ikaendelea.

Mambo matatu ningependa tuyaangalie hapa. La kwanza, kushindwa kuna bei, lakini bei hiyo hulipwa kwa maneno. Mtoto asiye na ndururu aweza kutoa mji mzima, tena mji usio wake, na asipungukiwe na chochote. La pili, anayelipwa mji huwa amejifunga. Hawezi kuuchukua mji na kuondoka na jibu lake mfukoni. Lazima asimulie, lazima afichue. La tatu, majibu yenyewe ni vitu ambavyo kila aliyeko pale ameviona. Yai, nanasi, macho, kivuli, moshi. "Kuku wangu katagia mibani" hakikuulizi umesoma vitabu vingapi. Kinakuuliza kama umewahi kulitazama nanasi lilivyokaa katikati ya majani yake makali. Ndiyo maana kijana wa miaka saba aliweza kumshinda babu yake, na babu akatoa mji mbele ya wajukuu bila kuona haya.

Upande huu wa nyumbani haukuishia kwa watoto. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, anakumbukwa na wanahistoria wa fasihi kwa kuutoa ushairi katika mambo ya dini pekee na kuufikisha barazani na sokoni. Baadhi ya tungo zake zilikuwa za kutupiana maneno ya mafumbo na washairi wa upande wa Lamu, wakati miji hiyo miwili ilipokuwa katika uhasama. Mtu alifumba huku, na mwenzake akafumbua kule kisha naye akafumba lake. Karibu karne moja baadaye, gazeti la Mambo Leo lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mnamo 1923 liliufanya utamaduni huo kuwa wa posta. Mshairi mmoja aliuliza jambo kwa beti, na majibu kutoka kwa wasomaji wa miji mingine yakaja kwa beti vilevile katika matoleo yaliyofuata. Wapenzi wa kurasa za mashairi katika magazeti yetu wanaijua ladha hiyo mpaka leo. Jibu lilichukua majuma, pengine miezi, na hakuna aliyeona kwamba limechelewa.

Tugeukie sasa upande wa pili wa ukoo. Waingereza na Wamarekani huyaita maswali haya ya ujuzi trivia. Neno hilo lina asili ya Kilatini, nalo limejengwa kwa tatu na njia: mahali njia tatu zinapokutana. Kwa Kiswahili tungesema njia panda. Katika vyuo vya Ulaya ya kale, trivium lilikuwa jina la masomo matatu ya mwanzo, yaani sarufi, mantiki na balagha. Baadaye neno likashuka hadhi likawa na maana ya mambo madogomadogo, kama porojo za watu wanaokutana njia panda. Ilipofika miaka ya 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York walikuwa wakiulizana kuhusu filamu na vipindi vya redio vya utotoni mwao na kuuita mchezo huo kwa jina hilo. Yaani hata wao walianza kwa kuulizana marafiki, juu ya vitu walivyoviona pamoja.

Lakini kabla yao magazeti yalikuwa yameshagundua kwamba msomaji akipewa kitendawili leo, kesho atanunua gazeti tena. Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1913, gazeti la New York World lilichapisha mraba wa maneno uliotungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Huo ndio unaohesabiwa kuwa mama wa miraba yote ya maneno tunayoijaza magazetini leo. Miaka kumi baadaye ulikuwa umeshaenea Marekani kama moto wa nyika. Gazeti la New York Times lilikasirika. Mnamo 1924 liliandika kwamba huo ulikuwa wazimu na upotezaji wa muda usiofaa. Likashikilia msimamo huo mpaka Februari 1942, vita vikuu vya pili vikiwa vimeshaifikia Marekani, ndipo nalo likaanza kuchapisha mraba wake. Weka hilo moyoni, kwa kuwa gazeti hili tutakutana nalo tena.

Redio nayo haikubaki nyuma. Mnamo 1936 Marekani ilipata kipindi cha maswali kilichoitwa Professor Quiz, kilichowapa washindi pesa. Mnamo 1938 kikaja kipindi cha Information Please, chenye muundo ambao bado unanipendeza. Wasikilizaji ndio waliotunga maswali na kuyatuma, na waliokaa studioni kutegewa walikuwa wataalamu. Swali likisomwa hewani, aliyelituma alilipwa kiasi kidogo. Likiwashinda wataalamu, alilipwa zaidi. Ukiliangalia kwa jicho la Kiswahili, utaona kwamba mwananchi wa kawaida ndiye aliyekuwa mtegaji, na msomi ndiye aliyetoa mji. Kipindi hicho kilidumu zaidi ya miaka kumi.

Balaa lilianza runinga ilipoleta pesa nyingi. Mnamo 1955 kilianza kipindi cha swali la dola 64,000, na mwaka uliofuata kikaja kingine kilichoitwa Twenty-One. Nyota wa hicho cha pili alikuwa Charles Van Doren, mhadhiri wa Columbia, kijana mtanashati kutoka ukoo wa waandishi. Desemba 1956 alimshinda bingwa aliyekuwako, Herbert Stempel, na kuendelea kushinda mpaka akajipatia dola 129,000. Jarida la Time likampamba kwenye jalada lake. Taifa zima likamtazama kama mfano wa elimu yenye manufaa.

Kumbe yote yalikuwa maigizo. Waandalizi walikuwa wakiwapa washiriki maswali na majibu mapema, na hata kuwafundisha jinsi ya kusitasita na kujifuta jasho. Stempel aliamriwa ashindwe kwenye swali la filamu iliyopata tuzo ya Oscar kwa mwaka 1955. Jibu lilikuwa Marty, filamu aliyoijua vizuri na kuipenda. Alitaja nyingine, kama alivyoagizwa. Tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa akipewa majibu. Akapoteza kazi yake ya chuoni, na mnamo 1960 sheria ikapitishwa ya kuharamisha mashindano ya kupangwa ya aina hiyo.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha udanganyifu, lakini mimi nakiona kama kisa cha kushindwa. Van Doren aliiba majibu kwa kuwa hapakuwa na namna ya heshima ya kutojua mbele ya mamilioni ya watu. Stempel naye aliumia kuliko wote kwa kuwa alilazimishwa aonekane hajui kile alichokijua. Mchezo wa maswali ulikuwa umefika mahali ambapo kutojua jambo moja dogo kunamgharimu mtu utu wake. Laiti pangekuwa na mji wa kutoa, wangeutoa wakaenda zao nyumbani.

Maswali yakarejea mezani kwa marafiki mnamo 1979, pale waandishi wawili wa habari wa Kanada, Chris Haney na Scott Abbott, walipobuni mchezo wa ubao unaoitwa Trivial Pursuit. Wanasimulia kwamba waliketi kucheza Scrabble wakakuta vipande vimepotea, ndipo wakaamua kubuni mchezo wao. Ulikuwa na maswali elfu sita, na kufikia 1984 uliuzwa kwa mamilioni Amerika ya Kaskazini. Mwaka huohuo ukaingia mahakamani, na kesi yenyewe inatufaa sisi wa makundi ya WhatsApp.

Mtu mmoja aitwaye Fred Worth alikuwa amechapisha kamusi ya mambo ya trivia miaka ya 1970. Ndani yake alitia uongo mmoja makusudi. Aliandika kwamba jina la kwanza la Columbo, yule mpelelezi wa runinga mwenye koti lililokunjamana, ni Philip. Kipindi chenyewe hakikuwa kimelitaja jina hilo. Worth alikuwa ametega, na mtego ukanasa: swali la Columbo na jibu lake la Philip likatokea katika Trivial Pursuit. Akawashtaki wenye mchezo akidai dola milioni 300. Walikiri kuwa kitabu chake kilikuwa mojawapo ya vyanzo vyao, lakini mahakama ikasema kwamba ukweli wa mambo hauna mwenyewe, na kuupanga upya kwa namna ya maswali si wizi. Worth akashindwa, na kesi ikafungwa. Uongo wake, lakini, ulikuwa umeshasafiri. Wako watu walioapa kwa miaka mingi kwamba Columbo ni Philip, na ushahidi wao ulikuwa kadi ya mchezo.

Hapo ndipo swali la maarifa linapoachana na kitendawili. Ukiniambia kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, naweza kulichukua yai nikalizungusha mkononi nikaridhika. Ukiniambia Columbo ni Philip, sina la kuzungusha. Namwamini mtegaji. Kwa hiyo mtegaji wa maswali ya maarifa ana deni kubwa kuliko la mtegaji wa vitendawili. Akitoa jibu bila maelezo, ametutaka tumwamini kwa macho yaliyofumbwa.

Nchini Kenya mito hii miwili ilikutana kwanza kwenye redio na runinga, halafu kwenye simu. Kuanzia 2007, kampuni ya simu ya Celtel, ambayo baadaye iliitwa Zain, ilidhamini mashindano ya maswali baina ya vyuo vikuu vya nchi kadhaa za Afrika. Mwuliza maswali alikuwa Mkenya, John Sibi-Okumu, na wanafunzi walijibu kwa kasi ya ajabu. Yalikuwa mashindano ya kujivunia, ingawa yaliendeshwa kwa Kiingereza. Kulikuwa pia na maswali ya kutumiwa kwa ujumbe mfupi, ambayo kila jibu lilikatwa pesa kwenye salio. Hayo yalikuwa mepesi kupindukia: mji mkuu wa Kenya ni upi, Nairobi au Malindi? Wepesi huo ulikuwa na sababu. Biashara ilikuwa kwenye ada ya ujumbe, kwa hiyo ilifaa kila mtu aamini kwamba anajua. Mtego ulikuwapo, ila aliyenaswa ni yule aliyejibu sawa.

Kisha ikaja Wordle. Josh Wardle, mhandisi wa programu aliyezaliwa Wales na kuishi Brooklyn, aliutengeneza mchezo huo kwa ajili ya mwenzi wake aliyependa michezo ya maneno. Aliufungulia umma Oktoba 2021. Neno moja la Kiingereza la herufi tano kila siku, nafasi sita za kubahatisha, na neno ni lilelile kwa kila mtu duniani. Ukimaliza la leo, hakuna jingine mpaka kesho. Hapakuwa na matangazo wala malipo. Tarehe 1 Novemba 2021 walicheza watu 90. Mwanzoni mwa Januari 2022 walikuwa zaidi ya 300,000, na kabla ya mwezi kwisha ilikuwa mamilioni. Mwisho wa Januari hiyohiyo mnunuzi alijitokeza akatoa zaidi ya dola milioni moja. Mnunuzi alikuwa nani? New York Times, lile lililouita mraba wa maneno wazimu mnamo 1924.

Siri ya ueneaji wake ilikuwa katika viraba vya rangi. Wachezaji wa New Zealand walianza kuyaandika matokeo yao kwa vikaragosi vya kijani, manjano na vya rangi nyingine. Wardle akaiona mbinu hiyo akaiingiza katika mchezo. Mtu aliweza sasa kuwatumia marafiki ramani ya safari yake: hapa nilipotea, hapa nilikaribia, hapa nikafika. Jibu lenyewe halikuonekana. Lilifumbwa na safari ikafumbuliwa. Muhimu zaidi, hata aliyeshindwa alikuwa na kitu cha kuonyesha. Viraba sita vya kijivu ni kama mji aliotoa. Marafiki wanamcheka, naye anacheka pamoja nao, na kesho anarudi. Baada ya hapo ikafuata michezo mingi ya kila siku ya kubahatisha nchi kwa umbo la ramani, filamu kwa picha na nyimbo kwa sekunde chache za mwanzo. Ule wa nyimbo, Heardle, ulinunuliwa na Spotify Julai 2022 na kufungwa Mei 2023. Mchezo usipokuwa na marafiki wa kuupeleka huku na huku, pesa ya kampuni haiuokoi.

Wapenzi wa lugha watauliza kama Wordle ingefaa kwa Kiswahili. Jaribio hilo lina funzo. Maneno yetu ya asili huishia kwa irabu, kwa hiyo herufi ya tano ingekuwa moja kati ya tano tu, na mchezaji angekuwa ameshapewa nusu ya siri kabla ya kuanza. Halafu tungelazimika kuamua: je, alete na akala ni maneno yanayoruhusiwa, au ni vitenzi vilivyovikwa viambishi? Na herufi ch katika chama ni moja au mbili? Mchezo uliokatwa kwa kipimo cha Kiingereza hautukai vizuri. Ni sawa na suti ya kuazima: waweza kuivaa, ila mikono inajitokeza.

Hili la kipimo linagusa pia maswali ya maarifa. Tunaita maarifa ya jumla, lakini jumla ya nani? Tazama maswali yanayozunguka katika makundi yetu. Mengi yamenakiliwa yalivyo kutoka kwa maswali ya Kiingereza: rais wa ngapi wa Marekani alikuwa nani, mto gani unapita London, nani aliandika Hamlet. Si vibaya kuyajua hayo. Lakini mtu aweza kuwa bingwa wa kundi lake kwa mwaka mzima bila kuulizwa hata siku moja kuhusu Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi wa mawaidha mnamo 1858, au kuhusu James Mbotela, aliyechapisha Uhuru wa Watumwa mnamo 1934. Wataalamu wa Trivial Pursuit waliligundua hili mapema, ndiyo maana matoleo ya nchi mbalimbali yalibadilishiwa maswali. Sisi tunabaki kucheza toleo la watu wengine na kuwaona wenzetu wajinga kwa kutojua mitaa ya miji ambayo hawajawahi kuikanyaga.

Hebu tuchukue swali moja la kwetu tuone linavyoweza kutumiwa. Kiswahili kilikuwa lugha rasmi ya Kenya mwaka upi? Wengi watasema 2010, na watakuwa wamejibu sawa: Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka huo kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwingine atasema 1974. Ukimwambia amekosa na kupita, umemnyima haki na umejinyima hadithi nzuri. Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza kwamba Kiswahili kitumike Bungeni. Wabunge wakaanza kujadiliana kwa Kiswahili huku miswada yenyewe ikiendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Wengine walitiririka, wengine wakagugumia, na baada ya muda mfupi Kiingereza kikarudishwa kutumiwa sambamba. Kwa hiyo aliyetaja 1974 hakukosa ovyo. Alitaja kituo katika safari hiyohiyo. Swali la mwaka mmoja limezaa miaka 36 ya historia, na aliyekosa ndiye aliyetufungulia mlango wake.

Huo ndio mji niliosema uliachwa njiani. Katika kitendawili, aliyeshindwa hutoa mji na mtegaji hulipa kwa hadithi. Katika runinga, aliyeshindwa hutoa aibu na mtegaji hulipwa kwa matangazo. Katika makundi yetu, aliyeshindwa hutoa kimya, na mtegaji hajui hata kwamba ana deni. Watu wanapokimbilia Google kabla ya kujibu, tunawalaumu kwa udanganyifu, ilhali wanafanya kile alichokifanya Van Doren kwa sababu ileile. Tumewawekea mchezo usio na mlango wa kutokea. Sasa kwa kuwa kila jibu la neno moja linapatikana kwa kugusa kioo cha simu, swali la kutafuta jibu la neno moja limekwisha thamani. Kinachobaki na thamani ni kile ambacho mtegaji alikuwa akikitoa baada ya kupewa mji.

Kwa hiyo wewe uliye mtu wa maswali katika kundi lako, nakuomba mambo machache. Uliza swali moja tu kwa siku, kama Wordle, ili watu wawe na muda wa kulitafuna. Liwe la Kiswahili walau mara tatu kwa juma, na liwe la mambo ya karibu: jina la mtaa unaoishi lilitoka wapi, neno ndururu lilimaanisha sarafu ipi, Kisauni ina miembe mingapi ya historia. Ruhusu mtu aandike "nakupa mji" na autaje mji wenyewe, bila kuulizwa kwa nini hajui. Jioni, kabla watu hawajalala, rudi ulitegue swali lako kwa aya moja: jibu ni hili, limetoka mahali hapa, na waliokosa walikosa kwa sababu hii. Usipokuwa na uhakika wa chanzo chako, usilitege. Tayari tunao akina Philip wa kutosha.

Na kama utakosa swali la kuanzia kesho, nakuazima hili la zamani: popoo mbili zavuka mto. Watakaoshindwa wakupe mji. Mimi nimeshauchukua Lamu, tafuteni mwingine.